Mke wa Juu

Bisengimana hakuwahi kumaliza maziwa. Jioni, nyumbani kwake Kimanga, mjini Uvira, alikunywa kikombe chake polepole, akabakiza funda moja chini, akakiweka dirishani na kwenda kulala. Mkewe, Apollinarie, aliolewa akaikuta tabia hiyo. Aliambiwa ndivyo walivyo kwao Mulenge, kule milimani, watu wa ng'ombe, na kwamba kwao kukausha chombo ni uroho. Yeye alikuwa binti wa wakulima wa bonde la Ruzizi, watu wanaokwangua sufuria mpaka inang'aa, kwa hiyo alicheka akaachana nayo. Kila asubuhi alikikuta kikombe kitupu, akamsingizia paka wa jirani.

Asubuhi moja kikombe hakikuwa kitupu. Maziwa yalikuwa yamegandia chini, ya kahawia, yameungua kama yale ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kikombe chenyewe kilikuwa cha plastiki ya kijani, na hakikuwa na alama yoyote ya moto. Apollinarie alikigeuza, akakinusa, akapata harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Na kwa kina Bisengimana maziwa hayatiwi motoni kamwe, maana ni kumtukana ng'ombe aliyeyatoa.

Mwanamke mwingine angeogopa. Apollinarie aliona wivu.

Usimcheke. Wivu wake ulikuwa na sababu zake. Bisengimana alikuwa kiongozi wa wapanda milima, na mwaka ule vita vilipopoa na barabara zikapumua kidogo, wateja walianza kurudi: watu wa Bujumbura na Bukavu waliotamani kusimama kwenye ukingo wa volkano, kule kaskazini, ambayo yeye aliiita Mulima tu, kana kwamba dunia nzima haina mwingine. Kila alipotoka huko alirudi kama mgeni. Alisalimia vizuri, alileta sukari, alimbeba binti yao Irakoze mabegani, kisha usiku akageukia ukuta. Mgongo wake ulikuwa na joto ambalo Uvira nzima na jua lake haikuweza kulitoa. Apollinarie alilala nyuma ya mgongo huo miaka na miaka, akijiuliza ni nani aliyemwachia mume wake joto lile.

Siku ile ya kikombe alimkalisha kitini, akamuuliza bila kuuma maneno. Ana mwanamke huko? Bisengimana hakujua kudanganya, na hilo ndilo lililomtisha mkewe. Alifikiri sana kabla ya kujibu, mtu ambaye angepaswa kukasirika.

"Mwanamuke wa mu batu, sina," alisema, akimaanisha wa kati ya watu.

"Ni jibu gani ile?"

"Njo jibu yenye niko nayo."

Basi Apollinarie akampa habari yake na yeye. Safari inayofuata atakwenda naye. Atapika. Yule mpishi wake anatia chumvi kama anauza samaki, na wateja wamelalamika. Bisengimana alimweleza baridi, matope, kichwa kinavyouma. Aliposhindwa akatazama dirishani pale kikombe kinapowekwa, na uso wake ukawa wa mtu anayefikiria namna ya kumweleza mwingine habari mbaya.

Irakoze akaachwa Rugenge kwa dada yake Apollinarie, na safari ikaanza.

Namna ya kazi ya Bisengimana ilikuwa hii. Hakumpeleka mtu volkano moja kwa moja kutoka ziwani. Kwanza aliwapandisha wateja wake kwenye nyanda za juu, nyuma ya Uvira, akawafundisha hewa nyembamba. Mchana walipanda kilima kirefu, jioni wakashuka kulala chini yake. Kesho yake walilala juu kidogo ya jana, wakapanda tena, wakashuka tena, mpaka damu ikazoea. Ndipo walipochukua basi na boti kwenda kaskazini. Aliyetaka kukimbia alimrudisha nyuma ya mstari. Hakuna mteja wake aliyewahi kushushwa akiwa amebebwa, na watu walimsifu kwa hilo.

Safari hii wateja walikuwa wawili, kaka na dada kutoka Bujumbura. Sévère alikuwa mwalimu wa jiografia, mnene kiasi, asiyesema sana kwa sababu pumzi yote aliitumia kupanda. Belyse, dada yake, alikuwa muuguzi, kijana, mwenye kicheko cha karibu na meno mazuri, na alimwita Bisengimana "shefu". Wivu wa Apollinarie, uliokuwa umezunguka muda mrefu bila kiti, ukapata pa kukaa. Alimtazama Belyse akifunga kamba za viatu. Alimtazama akiomba kushikwa mkono kwenye utelezi. Jioni alimpakulia ukoko wa wali, sehemu nyeusi kabisa, na Belyse akaula wote akashukuru, jambo lililomuudhi zaidi.

Mulenge walipumzika kwa Mukarusanga, mama yake Bisengimana. Mwanamke huyo mrefu, wa kanisa, asiyependa maneno mengi, aliwakaribisha kwa maziwa. Mwanawe akanywa, akabakiza funda, akaweka kibuyu kando ya mlango. Apollinarie aliona mama mkwe akigeuza uso, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Baadaye Mukarusanga alimwita nyuma ya nyumba, penye zizi, akamwambia akae chini.

Alimsimulia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Zamani, kabla ya ndoa, Bisengimana alikuwa mbeba mizigo kwenye ile volkano. Kundi lake lilipandishwa haraka haraka na mtu mwenye pupa, na karibu na ukingo pumzi ya Bisengimana ikakata. Wenzake walimwita, wakamtikisa, wakaona amekwisha. Walimfunika kwa turubai, wakakimbia baridi. Asubuhi walirudi kuchukua maiti, wakamkuta amekaa, anasubiri. Barafu ya alfajiri ilikuwa imejaa kila mahali isipokuwa pale alipolala, na pale ilipoyeyuka palibaki umbo la watu wawili.

"Aliniambia muntu alimupatia joto," Mukarusanga alisema. "Mwanamuke. Akamuuliza utanipatia nini. Mutoto wangu alikuwa tu na maziwa mu kibuyu. Akakunywa, akamubakizia."

Apollinarie aliuliza kwani kubakiza funda kuna ubaya gani, si adabu tu?

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, na huruma ile iliuma kuliko matusi. Katika nyumba yao, alisema, mwanamume humbakizia mkewe funda la mwisho. Mke ni yule anayelinywa. Padri anafunga ndoa yake, serikali inaandika yake, lakini nyumba inamjua aliyekunywa.

"Siku ya ndoa balikuletea yako, mbele ya batu. Ukamwaga chini ya meza. Miye niliona. Nikasema, ni mutoto wa mu bonde, hajue."

Apollinarie alikumbuka. Ukumbi wa Uvira, gauni linalobana, Fanta mezani, mashangazi wa bwana harusi wakimletea kibuyu chenye harufu ya moshi na funda la maziwa machachu ndani yake. Alijifanya amekunywa. Alikuwa na haraka ya kucheza.

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Usifanye kitu. Ile yenye anabakizaka haiko yako, iko ya ule wa juu. Usiiguse, hata siku moja. Mukeba akikunywa ya mwenzake, anamufungulia mulango. Nyumba inakuwa ya bote."

Mukeba, mke mwenza. Apollinarie alirudi uwanjani na neno hilo kifuani. Kwa hiyo yule alikuwa mke, na yeye, mwenye pete, mwenye mtoto, mwenye karatasi ya serikali, alikuwa nani? Hasira ilimpanda mpaka akasahau kuogopa. Belyse alimpokea sufuria ili kumsaidia, naye kwa mara ya kwanza akamwachia bila kumtazama vibaya. Msichana wa watu hakuwa na kosa.

Walipanda kambi iliyofuata, kisha nyingine juu yake. Mchana ukungu ulishuka na kukaa, na Bisengimana akawaamuru wote walale saa za mapumziko, maana mwili unajifunza hewa hata ukiwa umelala. Apollinarie alibaki nje na masufuria yake, mita chache kutoka hema la mumewe. Alikuwa anamenya viazi. Alisikia pumzi ya mumewe ikitoka, ikiingia, ikitoka, ikakata.

Alingoja. Kisu kilisimama juu ya kiazi. Pumzi ikarudi, ndefu, yenye mkoromo, na moyo wake ukashuka mahali pake. Ikakata tena. Safari hii aliyahesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe mpaka akachoka.

Alimwendea Belyse hemani kwake, akamwambia kwa sauti ya chini. Belyse alimtuliza vizuri, kama wanavyofundishwa hospitalini.

"Iko kawaida, Mama Irakoze. Kule juu pumzi inasimamaka, kisha inarudia. Hata Sévère iko nafanya vile. Nitaenda kumuangalia."

Akaingia hemani kwa Bisengimana. Apollinarie alisimama nje, na wivu wake wa zamani ukataka kuinuka, msichana yule, hema lile, mume wake amelala, lakini haukupata nafasi, kwa sababu alichokisikia wakati ule, katika ukungu uliokuwa umeziba mpaka mikono yake, ni pumzi ya mumewe ikitoka na kukata, na kabla haijarudi pumzi nyingine ikaipokea, nyepesi zaidi, ya kike, yenye raha, pumzi ya mtu aliyelala ubavuni mwa mtu wake na hana haraka ya kuamka, na harufu ya kiberiti ikapenya kwenye zipu ya hema ikamjia usoni pamoja na joto, joto lile lile alilolijua, la mgongo ule.

Belyse alitoka akitambaa. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Mama Irakoze," alinong'ona, "mule ndani kuko batu babili? Niliweka mukono pa kifua yake, kifua haitembee. Pumzi inatoka pembeni."

Apollinarie akamvuta mbali na hema. Walishikana mikono, wao wawili, mpaka Bisengimana akaamka mwenyewe na kutoka, amenyooka, mashavu yana rangi nzuri, akauliza kama kuna chai.

Mtu mwenye akili timamu angeshuka siku ileile. Belyse alitaka kushuka. Sévère, ambaye hakuambiwa kitu, alisema ameweka akiba mwaka mzima na atasimama kwenye ukingo hata kwa magoti. Na Apollinarie alitaka kupanda kuliko wote. Sitakuficha sababu yake. Alitaka kumwona. Amekuwaje huyo, ana nini ambacho yeye hana? Kwenye basi la Bukavu alikaa akitazama kisogo cha mumewe, akiwaza uso wa mwanamke asiyemjua, akimpa macho makubwa, akimnyang'anya, akimpa shingo ndefu, akaichukia. Kwenye boti juu ya Ziwa Kivu kila mtu alisinzia isipokuwa yeye.

Volkano haikuwa na haraka nao. Ilikuwa nyeusi, inachoma nyayo kwa mawe makali, na kadiri walivyopanda miti ikafupika mpaka ikawa vichaka, na vichaka vikawa majani yanayong'ang'ania majivu. Bisengimana aliwapeleka polepole kama kawaida yake, panda, shuka, lala, panda tena. Lakini Apollinarie aliona tofauti. Mumewe, ambaye Kimanga alitembea ameinamisha kichwa, hapa alikuwa akipiga mluzi. Alikuwa amenyoa ndevu. Mwanamume ananyoa ndevu kwa maji ya baridi, mlimani, kwa ajili ya nani?

Kambi ya mwisho ilikuwa chini kidogo ya ukingo, penye nyufa zinazotoa mvuke. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mawingu yaliyokuwa chini yao. Bisengimana aliwaambia wateja wale kidogo, wanywe maji mengi, wajifunike. Kisha akachukua kibuyu kidogo alichotoka nacho kwa mama yake, akakaa mbali na wote, akanywa. Apollinarie alimwona akikiweka kibuyu juu ya jiwe, mdomoni mwa ufa mmoja, kwa upole mkubwa, kama anavyomlaza mtoto. Akaingia hemani bila kumuaga.

Upole ule ndio uliomaliza kila kitu. Angekiweka tu kama anavyoweka vitu vingine, huenda Apollinarie angekumbuka maneno ya mama mkwe. Lakini yeye hakuwahi kuwekewa kitu chochote kwa upole kama ule, hata siku ya ndoa, hata siku alipomzaa Irakoze. Alivuka mawe kwa haraka, akakishika kibuyu, na machozi yanamtoka akasema kwa sauti, kwa yeyote aliyekuwa akisikia, kwamba yeye ndiye mke. Akalinywa funda.

Maziwa yalikuwa yanachemka. Yalishuka kooni yakitokota na hayakumuunguza. Yalifika tumboni yakakaa, kama mgeni aliyevua viatu. Kisha sikioni mwake, karibu sana, akasikia sauti ya mwanamke, na sauti ilikuwa ya kwake mwenyewe, ya Apollinarie, ile anayoimbia Irakoze.

"Karibu, mukeba."

Aligeuka. Hapakuwa na mtu, mvuke tu ukirudi ardhini, unanyonywa na ule ufa mpaka ukaisha wote. Na papo hapo Belyse akaanza kumwita kutoka hemani mwa mumewe.

Bisengimana alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, midomo ya bluu. Hapakuwa na pumzi yake, wala ya yule mwingine. Belyse alimkandamiza kifua, akamkandamiza, akilia na kuhesabu kwa Kirundi, Sévère ameshika taa, mpaka mikono ya msichana ikalegea akamtazama Apollinarie na kutikisa kichwa. Apollinarie alimsukuma kando akajilaza juu ya mumewe, kifua kwa kifua. Hakuwa anafikiri lolote, alikuwa tu hataki kumwacha. Joto likaanza kutoka tumboni mwake, halikuwa lake, likapanda likajaa mikononi na kwenye matiti, mpaka sakafu ya hema ikaanza kutoa mvuke chini yao na Sévère akarudi nyuma akijisalimisha kwa Bikira Maria, na joto liliendelea kupanda naye hakuweza kulizuia wala hakutaka, kwa kuwa chini yake kifua cha mume wake kiliinuka, kikashuka, kikainuka.

Bisengimana alifungua macho. Akamtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu wajuane.

"Ni weye," alisema.

Hakuna aliyefika ukingoni. Walishuka alfajiri wote, na Sévère hakudai kurudishiwa pesa.

Uvira nzima ikaona mabadiliko. Bisengimana aliacha volkano. Wateja walipiga simu, akawaelekeza kwa wengine. Alipata kazi bandarini Kalundu, akarudi nyumbani mapema kila siku, na usiku alilala ameugeukia uso wa mkewe, akimsimulia habari za utotoni, ng'ombe fulani aliyeitwa hivi, kijito fulani. Alimnunulia kitenge, kisha kingine. Kikombe sasa alikikausha mpaka mwisho. Majirani wa Kimanga walimuuliza Apollinarie amempa dawa gani. Alicheka nao, lakini usiku alikuwa hasinzii, kwa vile mwili ulimwaka moto, na Irakoze alikataa kulala karibu naye akisema mama ana jua.

Mukarusanga aliposikia, alishuka kutoka Mulenge kwa miguu na magari, akawachukua mume na mke mpaka Rugenge, kwenye chumba cha maombi cha mama Libérate, anayefukuza mashetani kwa kufunga na kuimba. Libérate alimwombea Bisengimana kwanza. Aliimba, akamwekea mikono, akamzunguka. Mwishoni akasema kwa uhakika kwamba ni mweupe, hana kitu, kilichokuwa naye kimemwacha. Wanawake wa kwaya wakashangilia. Kisha akamgeukia Apollinarie, akamwekea kiganja kichwani, akakitoa kwa ghafla na kukificha katika kitenge chake. Akafunga maombi kabla ya wimbo kwisha, akawaaga watu mmoja mmoja kwa mkono, na alipomfikia Apollinarie akainamisha kichwa tu.

Jioni ile Mukarusanga hakutaka kulala kwa mwanawe. Apollinarie alipika, wakala, Irakoze akasinzia kwenye mkeka. Nje jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Bisengimana alisogeza kiti karibu na mkewe, akamshika mikono yote miwili, akaanza kumweleza kwa sauti ya chini jinsi alivyomkosa mchana kutwa, jinsi alivyokuwa akitazama milima kutoka bandarini na kucheka peke yake, kwa kuwa hana tena haja ya kuipanda. Yalikuwa maneno matamu, yale ambayo Apollinarie aliyangoja ujana wake wote. Alimtazama machoni ili ayapokee vizuri. Macho ya mumewe yalikuwa yamemwelekea, lakini hayakusimama kwake. Yalipita, yakaenda ndani zaidi, kama ya mtu anayechungulia mlango ulio wazi akimtafuta mwenye nyumba.

"Papa Irakoze," aliuliza, "uko naongea na nani?"

Bisengimana alitabasamu. Hakuwa na ukali wowote. Alimpapasa mkono kama anavyompapasa mtoto wa mtu aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa.

"Ngoja kidogo, Mama Irakoze," alisema. "Acha ajibu."

Kinywa cha Apollinarie kikafunguka, kikajibu. Kilijibu vizuri, kwa maneno ambayo yeye hakuwahi kuyajua, na mikono yake ikapanda ikamshika mumewe shingoni. Bisengimana akacheka kwa furaha, akaegemeza paji la uso pale kifuani. Na Apollinarie, huko nyuma ndani alikosukumiwa, akawa anasikiliza mume wake akibembelezwa kwa sauti yake, na wivu ukamwaka kuliko siku zote za maisha yake, na hakuwa tena na mkono wa kumnyang'anya.